Mlio Mmoja, Labda Miwili

Meza ya wazazi wangu kule kijijini Runingu ni ya chakula kwa jina tu. Nimekulia pale, na sikumbuki ndagala, dagaa wetu wale, hata mmoja niliyemla ambaye hakuwa na kaharufu ka mafuta ya bunduki. Baba akitoka porini huweka kwanza bunduki mezani, huifungua vipande vipande, huvipanga juu ya kitambaa, kisha huanza kuvifuta kimoja kimoja huku akivisemesha kwa sauti ya chini. Sisi na sahani zetu tulikuwa tunangoja. Mama alizoea kusema kwamba aliolewa na mtu mmoja, alipofika akakuta wako wawili.

Bunduki yenyewe ni ya kuwindia ndege, calibre douze, yaani namba kumi na mbili, ya zamani sana, iliyotengenezwa Ubelgiji na mafundi ambao bila shaka wote wamekwisha kufa. Ilikuwa ya babu kabla ya kuwa ya baba. Nyuma, pale inapopokea kartushi, yaani risasi zake, mgongo wake umenyanyuka ghafla kama wa mtu aliyebeba mihogo tangu utotoni, na ndiyo maana kijiji kizima kinaiita Kibyongo. Ukivuta kifyatuo, mtutu wenyewe, chuma chote kile kirefu, unarudi nyuma, halafu unakwenda tena mbele. Ganda linaruka nje na kartushi nyingine inaingia. Hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe. Ndani kuna springi ndefu na pete ya shaba, na kazi ya pete ni kuuzuia mtutu usirudi kwa hasira. Pete ikikaa vibaya, bunduki inampiga baba begani zaidi kuliko inavyompiga ndege. Ikikaa vizuri, bunduki inakwama. Miaka yote hiyo baba hajawahi kuona hali ya tatu.

Kuna siku pete hiyo ilidondoka kutoka mezani ikapotea, na sufuria ya maharagwe ilikuwa chini hapo hapo. Baba alituamuru tule polepole, tena tutafune kwa adabu, kila mmoja akisikilizia meno yake. Tulikula maharagwe hayo kama watu wanaosoma. Pete ilikutwa kesho yake ndani ya kiatu cha baba mwenyewe. Mama hakumsamehe, kwa sababu pete ya ndoa ya baba iliangukia mtoni alipokuwa akiosha baiskeli, na hakuna aliyemwona akiinama hata mara moja kuitafuta.

Sasa lazima nieleze habari ya tangazo, maana asiyetoka kwetu hawezi kuelewa kilichofuata. Katika bonde la Ruzizi mtu hafyatui bunduki hivi hivi. Watu wetu wamekimbia vya kutosha katika maisha yao, na masikio yao yanafanya kazi hata wakiwa wamelala. Kwa hiyo baba, kabla ya kwenda kuwafukuza kanga wanaofukua karanga mashambani, humwarifu chifu, halafu humpa pasta tangazo. Jumapili, baada ya sadaka, pasta husimama na kusema maneno yale yale:

“Kesho asubui papa wetu muwindaji atakuwa mu mashamba ya karanga. Mutasikia mulio moja, labda mbili. Muntu asikimbie.”

Hapo kanisa zima huitikia “labda mbili!” na kucheka, kwa sababu kila mtu anaifahamu Kibyongo. Mlio mmoja, kisha kimya: baba amepata, anakwenda kuokota, leo kuna nyama. Mlio mmoja, kisha kelele za baba akiitukana bunduki na kuipiga makofi mgongoni: amekosa, imekwama, tupike maharagwe. Sauti ya baba akitukana inavuka bonde vizuri kuliko mlio wenyewe. Milio miwili ilikuwa ya siku za baraka, na tulizihesabu kwa vidole.

Mambo yalikuwa hivyo hadi nilipompiga baba picha ya bega. Alikuwa amevua shati aote jua, na bega la kulia lilikuwa na rangi ya bilinganya. Niliituma picha kwa mdogo wangu, anayefanya kazi Lubumbashi, nikimwambia tu aone jinsi mzee anavyojiumiza. Mdogo wangu si mtu wa maneno. Haukupita muda mrefu, ukafika kwa ndege mkoba mrefu mweusi wenye karatasi zake zote, na ndani yake, imelala kwenye sifongo kama yai, bunduki mpya.

Nakiri niliipenda papo hapo. Ilikuwa nyepesi hata mimi niliinyanyua kwa mkono mmoja. Kitako chake ni plastiki nyeusi, mwisho wake kuna mpira laini wa kupumzisha bega. Mtutu hauendi popote, umetulia; moshi wa kartushi yenyewe ndio unaosukuma kipande fulani ndani na kuiandaa kartushi inayofuata. Haina pete ya kupotea. Haina nundu. Nilimwambia baba kwamba huyu sasa ndiye mkwe tuliyekuwa tunamtafuta, na baba akacheka kidogo, cheko la mtu ambaye mgeni amekalia kiti chake.

Nilimsindikiza hadi ofisini Uvira kuiandikisha kwenye permis, kibali chake cha bunduki. Afisa alikuwa mtu mpole, akatazama ile mpya, akatazama Kibyongo, akakohoa kidogo.

“Papa, permis ni moja, bunduki ni moja,” alisema. “Chagua mbele ya mwezi kwisha. Hii mupya, kama huitaki, iko na karatasi, itarudi kule ilitokea. Ile ya zamani haina pa kurudi. Ukiiacha kwetu, tunaikata na msumeno.”

Baba aliuliza, “Munaikata wapi?”

“Pa katikati, papa.”

Tulipanda pikipiki ya kukodi hadi Runingu, mimi nimekaa nyuma yake na mkoba wa ile mpya. Kibyongo aliikumbatia kifuani. Nilimwonea huruma, lakini nikawa pia nina hasira, maana mdogo wangu alikuwa amefunga mkanda kweli kweli kununua ile mpya, na kuirudisha kungekuwa kama kumtemea mate. Baba alijua hivyo. Kwa hiyo upande mmoja kulikuwa na msumeno, upande wa pili kulikuwa na mwanawe, na yeye katikati na bega lake la bilinganya.

Kikao kilifanyika mezani, kama kawaida bila nafasi ya sahani. Mjomba alikuja kutoka Mutarule. Yeye ni ndugu mdogo wa mama, fundi wa pikipiki, na huongea juu ya vyuma vyote kama watu aliosoma nao. Mdogo wangu alikuwa kwenye simu, tukaisimamisha juu ya kikombe ili asikie.

Mama ndiye aliyeanza. “Hii mupya inaitwa nini?”

“Semi-otomatiki, mama,” simu ilijibu.

“Semi njo nini, ni kitu gani?”

“Njo nusu,” mjomba akasema, akijisikia.

Mama aliiangalia simu kwa uchungu. “Mutoto wangu, unamutumia papa yako nusu? Ile nusu ingine iko wapi?”

Mdogo wangu alieleza kwamba nusu maana yake kila risasi lazima uvute kidole upya, na kwamba bunduki kamili ya otomatiki ni ya vita, si ya kanga. Kisha akakosea kuongeza kwamba hata Kibyongo ni semi-otomatiki. Baba aliinua kichwa. Alikuwa ameishi na bunduki hiyo akiamini ni nzima.

“Kibyongo haiko nusu,” alisema.

“Papa, iko semi. Zote mbili ni semi.”

“Ya kwako iko nusu. Hii ya baba yangu iko yote.”

Ilibidi tuliache jambo hilo. Mjomba akachukua nafasi, akaja na hoja ambayo huku kwetu haishindwi kirahisi: kwamba okazyo, mtumba wa Ulaya, ni bora kuliko kitu kipya. Pikipiki okazyo, friji okazyo, godoro okazyo, vyote vinadumu, kwa sababu Mzungu alivijaribu kwanza yeye mwenyewe. Kipya hakijajaribiwa na mtu. Aligonga kitako cha ile mpya kwa ukucha.

“Sikia. Iko inalia sawa beseni. Na gonga Kibyongo. Unaona? Iko inalia sawa mulango wa kanisa.”

Nilimwambia kwamba hatuendi kuzigonga, tunakwenda kufyatua. Akanigeukia. Mimi nina kibanda cha nguo kuukuu pale Mulongwe, Uvira, karibu na mto, na mjomba analijua hilo.

“Weye unauza makoti ya okazyo, unasema ni ya kwanza. Leo njo unasema okazyo ni mubaya?”

“Koti halimupige muntu bega, mjomba.”

“Unasema vile ju hujavaa yote.”

Mama alikuwa upande wangu. Alitaka Kibyongo iondoke. Alitaka meza yake, alitaka beseni zake zisizo na mafuta, alitaka mume anayeweza kugeuka kitandani bila kulia “aïe”. Aliyasema yote hayo kwa sauti kubwa na kwa mpangilio, kama mtu aliyejiandaa muda mrefu. “Minye nimechoka na huyu muke mwenzangu,” alimaliza. Baba aliendelea kuifuta pete.

Tulikubaliana kwamba baba aijaribu kwanza ile mpya. Jumapili alimpa pasta tangazo, na pasta akalisoma kama miaka yote, nasi tukaitikia “labda mbili!” tukacheka. Hapa naomba msomaji asimame kidogo. Kanisa zima lilikuwa limejaa watu wazima wenye akili timamu, akiwemo baba, akiwemo mjomba, nikiwemo mimi niliyejifanya mjuzi wa bunduki za kisasa, na hakuna hata mmoja aliyewaza kulibadilisha tangazo.

Jumapili jioni baba aliifungua Kibyongo yote, akaipaka mafuta, akaacha vipande mezani bila kuviunga. Hakuwahi kufanya hivyo. Nilidhani anaiaga, nikatoka nje nisimwone uso. Asubuhi na mapema, kabla sijaamka vizuri, yeye na mjomba walikuwa wamekwisha kwenda na ile nyeusi.

Mimi na mama tulikuwa uani. Yeye alikuwa anachagua maharagwe, mimi napuliza moto. Mlio wa kwanza ukaja. Haukuwa kama wa Kibyongo. Ulikuwa mkavu, wa haraka, lakini tuliutegemea.

“Moja,” mama alisema, akaendelea na maharagwe.

Wa pili ukaja juu ya wa kwanza, bila hata nafasi ya mtu kutukana. Mama alishika harage moja hewani. Kisha wa tatu, wa nne, wa tano, ikifuatana paa-paa-paa, na kabla wa tano haujaisha kijiji kilikuwa kimekwisha simama.

Sijui kueleza vizuri kwa mtu ambaye hajawahi kukimbia. Hakuna anayeamua. Ungeniuliza wakati ule, ningekuambia kwamba najua kabisa ni baba yangu, ana bunduki mpya, iliyofika kwa ndege, niliyoibeba kwa mkono wangu. Nilijua hayo yote nikiwa nakimbia. Miguu haikuniuliza. Nilikuwa na hofu ile ya utotoni, na nilipofika barabarani nilitazama mkononi nikaona nimeokoa mfuniko wa sufuria. Sufuria yenyewe nimeiacha motoni.

Wengine hawakuwa na akili kuliko mimi. Jirani yetu mmoja alikuwa amebeba mlango, si wa nyumba, wa choo. Mwingine alikuwa anavuta mbuzi ambaye hakusikia mlio wowote na hakuona sababu ya safari. Pasta alikuwa mbele yetu sote, amekumbatia kipaza sauti cha kanisa, kile kile kilichosema muntu asikimbie. Mama alikuwa nyuma yangu, na mgongoni, kwenye kitenge, amefunga kitu kama mtoto. Nilipaza sauti nikimwuliza ni mtoto wa nani. Alinisukuma mgongoni nizidi mbio.

Tulikuwa tunaelekea kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga, kwa sababu ndiko tulikoelekea siku zote. Nikageuka kutazama, nikaona kinachotufuata. Watu wawili wanatoka mbio upande wa mashamba ya karanga, wa mbele ameshika bunduki nyeusi ambayo kijiji kilikuwa hakijawahi kuiona. Mtu akapiga yowe. “Banakuja!” Basi hapo ndipo tulipokimbia kweli, hata mbuzi alikubali.

Baadaye baba alitueleza upande wake. Alikuwa shambani, ana furaha, akaona kijiji kizima kinakimbia. Akajiambia kwamba kuna jambo baya limeingia kwa nyuma. Akakimbia naye, na mtu mwenye akili hukimbilia kule wenzake wanakokimbilia. Kwa hiyo sisi tulikuwa tunamkimbia baba, na baba alikuwa anakimbia pamoja nasi, na kadiri tulivyoongeza mbio ndivyo alivyozidi kuamini kwamba hali ni mbaya. Tungeweza kufika Burundi kwa mtindo huo.

Kilichotuokoa ni tope. Kwenye ukingo wa mfereji baba aliteleza, akaingia majini hadi kiunoni, akainua bunduki juu isilowe, na akatukana. Alitukana kirefu, kwa Kiswahili na Kifuliiru, tusi lile lile refu ambalo kila mtu pale amelisikia likivuka bonde tangu kuzaliwa.

Pasta alisimama. Wote tukasimama.

“Ee,” pasta alisema. “Iko papa.”

Bibi mmoja mzee, aliyekuwa amekaa chini kabisa na hawezi kupumua, akasema polepole, “Labda mbili?”

Wapo waliocheka hadi wakalala kwenye majani. Wapo waliokasirika, na walikuwa na haki. Mwanamke mmoja kijana alilia sana, akiwa amembana mwanawe, na hakunyamaza kwa sababu sisi tunacheka. Baba alitoka mferejini maji yakimchuruzika, akaenda kwanza kwake, akamwomba msamaha, halafu akamwendea kila mtu mmoja mmoja. Nyuma yake mjomba alikuwa bado ameshika kanga wawili kwa miguu, amekimbia nao njia yote, vichwa vyao vikining'inia, na hakuna aliyemwuliza chochote.

Mama alikuwa amekaa kando, mgongo umetugeukia. Baba alimfikia mwisho.

“Mama, nisamehe. Umebeba nini?”

Mama alifungua kitenge. Ndani mlikuwa na kitako cha Kibyongo, kile cha mbao kilichopasuka na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Mtutu alikuwa ameufunga pembeni kwa upande wa kitenge. Springi ilikuwa kwenye kiwiko chake kama bangili. Akanyoosha mkono wa kulia, na kwenye dole gumba, imebana kabisa, ilikuwapo ile pete ya shaba.

Nilimtazama mama yangu, ambaye juzi tu aliiita bunduki hiyo mke mwenza. Aliacha pesa kwenye kopo. Aliacha simu. Aliacha vitenge vyake vyote vya harusi. Alikuwa amepita mezani akakusanya vipande, kimoja kimoja, kijiji kikikimbia, na hakusahau hata kile kidogo.

“Weye haukuipenda,” baba alisema.

“Siipendi mupaka leo.”

“Sasa ju ya nini?”

Mama alianza kulia, tena kwa hasira, akimpiga kifuani kwa ule mkono wenye pete. “Nilisikia tano! Weye, toka nikujue, umesha piga tano siku gani? Nikasema haiko yeye, bamemuua. Kibyongo ikilia najua iko weye. Ukinyamaza najua. Ukitukana najua. Hii ya leo sikukujua, baba. Sikukujua!”

Baba alimshika ule mkono. Mimi sikuwa na la kufanya na mfuniko wangu, nikaushika tu kifuani.

Nyumbani pete ilikataa kutoka. Kiungo cha dole gumba kilikuwa kimevimba kwa jasho na mbio. Baba alipiga magoti mbele ya mama na kipande cha sabuni, akaizungusha polepole, akijaribu mawese, akirudia sabuni, mama akilalamika na mjomba akitoa ushauri wa kifundi hadi alipofukuzwa. Kijiji kilikuja kudai kanga, kwa haki ya kukimbizwa, na wale kanga wawili waligawanywa hadi kila mtu akapata mchuzi wenye habari za nyama. Wote walipita kumwona baba amepiga magoti anamvua mkewe pete. Pasta alisema yeye kazi yake ni kuzivisha.

Ilipotoka hatimaye, baba hakuiweka mezani. Aliifuta, akaishika kiganjani, akaniomba nimpigie mdogo wangu.

“Mwanangu,” alisema, “bunduki yako iko tamu. Haikunipiga hata kidogo. Kidole kilikataa kuacha. Nakushukuru sana. Lakini itarudi.”

Mimi niliogopa jibu. Baba akamweleza: tangazo, mbio, mfereji, mama na kitenge. Alipofika kwenye mlango wa choo nikasikia mdogo wangu anacheka, na alipomaliza sauti yake ilikuwa nzito kidogo.

“Sawa, papa. Na bega?”

Bega lilikuwa juu yangu, na hapo ndipo nilipokuwa na la kuchangia. Kibandani kwangu Mulongwe nilikuwa na koti la kike ambalo hakuna aliyewahi kulinunua, la zambarau, la mtindo wa zamani, lenye mito mikubwa mabegani kiasi kwamba aliyelivaa anapita mlangoni kwa upande. Nililipeleka Runingu. Baba alilivaa, akaiweka Kibyongo begani, akasema kimya kimya kwamba ni vizuri. Lina vifungo vya dhahabu na kiuno kilichobana. Mjomba alilizunguka mara kadhaa, akasoma lebo iliyofutika.

“Unaona?” aliniambia. “Okazyo.”

Afisa wa Uvira aliandika namba ya Kibyongo kwenye permis, na ile nyeusi ikarudi kwenye sifongo lake na karatasi zake. Baba aliisindikiza hadi mlangoni, akaupigapiga mkoba kama mtu anayeaga mgeni mwenye heshima. Pasta sasa anaongeza maneno mawili kwenye tangazo: kwamba mutaona pia muntu mwenye koti, na muntu asicheke. Hilo la pili halizingatiwi.

Nilikwenda tena Runingu kanga walipoanza kufukua karanga mpya. Tulikuwa uani, mama na mimi, maji ya kunyonyolea yako motoni, maana mama huyateka akiwa na imani. Mlio ukaja, mmoja, mpana, mzito, wa mlango wa kanisa. Jirani alikuwa anaanika muhogo, hakugeuka. Mtoto aliyelala mgongoni mwa mamake hakuamka. Mama alishika harage hewani, akasikiliza. Palikuwa kimya kidogo, hadi nikaanza kutumaini. Kisha, kutoka mbali, lile tusi refu likavuka bonde, na makofi juu ya chuma.

“Iko yeye,” mama alisema, na uso wake wote ukalegea. Akarudisha macho kwenye maharagwe. “Amekosa. Ondoa maji.”